Fundi Mbuvi na Viti vya Mchangani

Leo Ijumaa, tarehe 29 Novemba 1996, Bwana Mbuvi Ndululu anatundika aproni yake baada ya miaka thelathini na miwili katika karakana yetu ya samani hapa mjini Wote. Aliingia mwaka 1964 akiwa kijana mwembamba mwenye randa moja na maneno mengi. Anatoka akiwa babu wa wajukuu saba. Randa ni ile ile, maneno yameongezeka.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwa sababu hiyo karakana hii imemnyima Fundi Mbuvi sifa kwa miaka yote hiyo. Leo anastaafu na hana tembo la kutia maji tena (na kwa kuwa ni mzee wa kanisa, tunaamini hakuwahi kuwa nalo), basi tumsifu bila hofu.

Wengi wetu tulizijua kazi zake kabla ya kumjua mwenyewe: madawati ya Kasikeu, meza za zahanati hadi kule Tseikuru, makabati ya nyumba za walimu. Zote ni za mbao za mukau, ambazo mchwa huzijaribu mara moja akakata tamaa. Mistari yake imenyooka, wala hapana maua ya kubandika. Bwana Kinuthia, mwenye hoteli kwenye barabara ya Mombasa, aliwahi kutaka miguu ya meza ipakwe rangi ya dhahabu. Fundi aliumwa mgongo ghafla, na hakupona mpaka Bwana Kinuthia alipobadilisha mawazo.

Kupima watu ndiko kulikompa jina. Mteja wa Fundi Mbuvi hapimwi kwa futi. Anashushwa hadi mto wa mchanga ulio chini ya karakana, mchanga unamwagiwa maji na kusawazishwa kwa ubao, kisha mteja anaombwa akae juu yake, yeye na heshima zake zote. Akiinuka, Fundi anapima alama iliyobaki, na umbo hilo ndilo linalochongwa kwenye kikalio. Wamekaa pale machifu, wachungaji na walimu wakuu. Daktari mmoja mgeni alikuja na suti nyeupe, akarudi hospitalini wagonjwa wakimwonea huruma.

Lakini wasifu wa kweli hauruki mabonde, na bonde la Fundi Mbuvi ni mwaka 1971. Kasikeu walikuwa wamejenga kanisa jipya la kisasa, pana kama upepeo, lenye paa moja refu linaloteremka kupeleka maji kwenye tangi, na kuta zenye matundu ya kupitisha hewa. Sisi tulipewa kazi ya viti. Vikipendwa, tungetengeneza pia vya shule na zahanati. Visipopendwa, kamati ya ujenzi ingeagiza viti vya chuma kutoka Nairobi, na karakana ingefungwa. Mafundi wote walilijua hilo, na kila mmoja alikuwa na watoto wa kulisha.

Fundi aliwaita wazee wa kanisa wote mtoni, akawakalisha mchangani. Kiti kilichotoka hapo kilikuwa kizuri kwelikweli, chenye kikalio cha kina kinachokuvuta nyuma taratibu, na egemeo refu linalokupokea mgongo mzima. Siku ya kufungua kanisa, wazee walikaa mbele wakatabasamu.

Kisha wakaingia akina mama, ambao ndio robo tatu ya kanisa, kila mmoja na mtoto mgongoni. Mama akikaa ukingoni, kikalio kinamvuta nyuma. Akienda nyuma, egemeo linambana mtoto. Akimfungua ampakate, mtoto anaamka. Basi waliamka wote. Mhubiri mgeni alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na bado hakusikika. Kabla ya wimbo wa pili akina mama walitoka mmoja mmoja, wakaketi chini nje ya ukuta, miguu wameinyoosha, wakafuatilia neno kupitia matundu ya hewa. Ndani walibaki wazee na viti vitupu. Mama yangu, Kalondu, alikuwa miongoni mwa waliotoka, na aliyekuwa mgongoni mwake ni mimi. Anasema niliwashinda wenzangu wote kwa kulia.

Kamati ilikasirika. Ilitupa muda hadi Krismasi tu. Fundi alirudi nyumbani akalalamika kwamba akina mama wa Kasikeu hawajui kukaa. Mkewe Nzilani, tunayemwita Mama Mutindi, alimjibu kwa sentensi moja ambayo karakana nzima inaijua kwa moyo: "Umetengeneza viti ya wazee, na kanisa imejaa wamama."

Alikuwa sahihi, ila dawa ya ugonjwa ilikuwa na aibu yake. Mwanamume hawezi kusimama mtoni akitazama wake za watu wakikaa mchangani. Hata mchungaji alipoulizwa alikohoa tu. Mama Mutindi hakukohoa. Aliwaita akina mama wa Kasikeu waje Wote, na asubuhi hiyo akamfungia mumewe ndani ya karakana, ufunguo akautia mfukoni. Wakashuka mtoni na watoto mgongoni, wakakaa kwenye mchanga mmoja baada ya mwingine. Kicheko chao kilisikika hadi sokoni. Walipoondoka ndipo akamfungulia.

Fundi alikuta safu ndefu ya alama. Zilikuwa za kina mbele na nyepesi nyuma, kwa sababu mama aliyebeba hukaa akiinamia mbele. Na kando ya nyingine, kulia na kushoto, kulikuwa na alama ndogo za vidole vya miguu ya watoto. Alipiga magoti pale. Wenzake walimwona akifuta machozi, na yeye hajawahi kukana.

Kiti kipya kilikuwa na kikalio tambarare na egemeo fupi linaloishia kiunoni. Juu ya egemeo aliweka ubao mpana kidogo, mtoto apumzishe makalio yake hapo. Mama anaegemea, mtoto naye anakaa. Jumapili kabla ya Krismasi akina mama waliingia, wakakaa, na hakuna aliyetoka. Watoto walilala fofofo. Mchungaji alinung'unika baadaye kwamba hata mama wawili watatu walikoroma. Watu wakakiita kiti cha wawili, viti vya chuma havikutajwa tena, na zahanati za Kitui na Makueni zinakiagiza hadi leo. Sote tunaokula mkate wetu hapa tunaula kutokana na kiti hicho.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Fundi alitundika kimoja cha vile viti vya kwanza juu ya mlango, na kila mgeni wa karakana husimuliwa habari zake kabla ya kushika msumeno. Msimulizi ni yeye mwenyewe, na kila mwaka mhubiri yule hupaza sauti zaidi.

Sasa Fundi, inuka kidogo utazame unachokalia. Si kiti, ni benchi la mukau. Upande wa kulia ni wako, tuliupima wiki iliyopita ulipokaa mchangani ukidhani unatufundisha. Upande wa kushoto ni wa Mama Mutindi. Katika safu ile ya mwaka 1971 alama yake haikuwemo, maana yeye alikuwa akiwapanga wenzake, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumpima. Jumanne mama yangu alimshusha mtoni. Kufuli la karakana lililokufungia ndani siku hiyo halikuwa limeharibika, Fundi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Asante kwa mikono yako, na kwa kukubali kujifunza upya ulipokosea. Tunawaombea siku ndefu zenye afya na mvua ya kutosha. Mama Mutindi, njoo ukae.

Mumbua Kasyoka
Chumba cha Michoro