Wakili Ambrose Thurlby na Ekari Saba za Thornholme

Kwa miaka thelathini na saba nimeitwa mwongo katika mji huu wa Scarrowby, na aliyefanya niitwe hivyo ndiye tunayemzika leo, mdogo wangu wa tumbo moja, Wakili Ambrose Thurlby. Mwanawe Everard kaniomba nianze na kuzaliwa kwake, kama wanavyosomewa marehemu wengine. Haya, nitaanza huko. Lakini mjue nilipotaka kuanzia.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1819 kijijini Thornholme, maili mbili kutoka hapa, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Reuben Thurlby na mkewe Tamar. Mama alitutoka Ambrose akiwa na miaka mitatu, mimi saba. Nilimwogesha, nikamlisha, nikamfundisha kufunga viatu. Alikuwa mtoto mzuri, sitamnyima hilo. Alikuwa anaogopa mabata bukini, na kila tukipita bwawani ananishika sketi mpaka inakaribia kunivuka.

Alisoma shule ya mjini hapa kuanzia 1827 hadi 1835. Baba alikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja, akamchagua wa kiume. Mimi nilisoma shule ya Jumapili majira mawili ya baridi, nikapata herufi za kutosha kusoma Zaburi. Mwaka 1835 Ambrose akawekwa chini ya Wakili Cuthbert Maltby, akanakili hati miaka mitano mpaka vidole vikabaki vyeusi hata siku ya Krismasi.

Alikubaliwa kuwa wakili mwaka 1840, na Mzee Maltby alipofariki mwaka 1844 akairithi ofisi ya mtaa wa Bargate. Wengi wenu mmekaa kwenye benchi lake mkisubiri. Mnayajua yale masanduku ya bati ukutani, kila moja lina jina la ukoo kwa rangi nyeupe, na ndani mna hati za mashamba yao, za rehani, za wosia. Mtu akikuwekea hati zako, kakuwekea na ulimi wako. Reli ilipokuja mwaka 1848, yeye ndiye aliyepatanisha wenye mashamba na kampuni. Mabwawa ya kusini yalipokaushwa, yeye ndiye aliyeandika nani apate kipande gani. Alilijua kila shamba kwa jina lake, na udongo wake, na nani kagombana na nani kwa ajili ya uzio.

Mwaka 1846 malisho ya Goslings yaliuzwa kwa mnada wa mshumaa, kama desturi yetu ilivyo. Pini inachomekwa kwenye mshumaa, watu wanataja bei, na aliyesema wa mwisho kabla pini haijaanguka ndiye mwenye mali. Bwana Pocklington, mfanyabiashara wa nafaka, alikuwa anaongoza. Akavuta ugoro kidogo, akapiga chafya. Alipofungua macho, Ambrose kashataja bei na pini iko mezani.

"Wewe kijana," Pocklington akamwambia, "umeninyang'anya malisho mimi nikipiga chafya. Usije ukataka na binti yangu!"

"Huyo nitamtaka ukiwa macho, mzee," Ambrose akasema.

Akamwoa Lavinia Pocklington tarehe 3 Juni 1847. Waliishi vizuri miaka thelathini na mmoja, mpaka Lavinia alipofariki. Alikuwa mwanamke mpole, na kila Krismasi aliniletea mkate wa zabibu akipitia mlango wa nyuma, mumewe asijue.

Sasa nimefika.

Baba alikuwa na ekari saba Thornholme. Zilikuwa ardhi ya daftari, yaani mwenye nayo ni bwana wa kijiji, nayo ni yako kuishika ikiwa tu jina lako limeandikwa kwenye daftari lake. Mwenye kuandika daftari ni karani wa baraza la wapangaji wake, na karani alikuwa Ambrose. Novemba 1849 Baba akiwa kitandani aliwaita wapangaji wenzake wawili, Jabez Gaunt na Enoch Sleight. Akawashikisha fimbo, alama ya kukabidhi shamba, kama desturi inavyotaka, akasema, "Namwachia Keziah. Ndiye aliyenitunza." Mgonjwa anaruhusiwa kufanya hivyo. Sharti ni moja: hao wawili wayaseme maneno yale kwenye baraza linalofuata. Wasipoyasema, yamekufa, na shamba linamwendea mwana wa kiume.

Baba alifariki Desemba. Baraza lilikuwa Aprili. Ambrose akawapitia Jabez na Enoch majumbani kwao, akawaambia limeahirishwa mpaka vuli, wasijisumbue kutembea kwenye tope. Halikuahirishwa. Lilikaa siku yake ileile, hapo nyumba ya wageni ya Kondoo Mweupe, na daftari likaandikwa kwamba hakuna aliyeleta neno lolote kutoka kwa marehemu Reuben. Shamba likawa la Ambrose. Stesheni ilikuwa hatua mia mbili kutoka uzio wetu.

Nilipowaendea Jabez na Enoch, wakatazama chini. "Hatukumbuki, Keziah." Rehani zao zilikuwa kwenye masanduku ya bati. Basi mji mzima ukasema nimezusha, nimemsingizia marehemu baba yangu. Dukani wakaniimbia, "Bibi Ekari Saba, umelima leo?" Nikapanga chumba, nikawa dobi. Kola za Ambrose nimezifua mimi, na nikazitia wanga sawasawa na za watu wengine.

Marehemu alipatwa na kiharusi Februari 1886, kikamchukua upande wa kushoto. Baadaye miguu ikajaa maji. Alihudumiwa kwa upendo na binti yake Octavia, ambaye hakulala vizuri mwaka mzima, Mungu amlipe. Alifariki nyumbani Bargate tarehe 19 Novemba 1887, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane. Ameacha mwana, Everard, na mkewe, binti, Octavia, wajukuu wanne, na dada mmoja, ambaye ni mimi.

Siku moja nimeiacha ya mwisho kwa makusudi.

Mwishoni mwa Septemba mwaka huu aliniita. Sikuwa nimepanda ngazi za nyumba ile hata mara moja.

"Dada," akasema, "Everard ataleta daftari hapa chumbani. Nitakurudishia ekari saba, na nyumba nilizojenga juu yake. Tia alama tu, yaishe."

"Ya chumbani sitaki," nikamwambia. "Uliniibia mbele ya watu. Nirudishie mbele ya watu, na useme ulivyofanya."

"Keziah, nina jina mjini."

"Hata mimi nilikuwa nalo."

Akageukia ukutani. Nikavaa kofia yangu nikaondoka.

Tarehe 11 Oktoba baraza likakaa Kondoo Mweupe, wapangaji wamejaa, nyama ya nguruwe iko mezani tayari. Mlango ukafunguliwa, watu wanne wanaingia wamembeba Ambrose kwenye kiti. Akamwambia Everard akalie nafasi ya karani. Kisha akasema, kwa ulimi mzito, lakini kila mtu alisikia: "Baba yangu alimwachia shamba dada yangu. Mashahidi niliwadanganya siku ya baraza, mimi mwenyewe. Keziah hakusema uongo, hata siku moja."

Enoch alikuwa kaburini tangu mwaka 1870. Jabez Gaunt, na miaka yake themanini na mitatu, akasimama. "Ni kweli. Tuliishika fimbo. Keziah, nilikuwa na watoto sita, na hati yangu ilikuwa sandukuni kwake."

"Najua, Jabez," nikasema. "Na mimi nilikuwa na jina moja."

Everard akaleta fimbo. Ambrose akashika ncha moja kwa mkono wake mzima, mimi nikashika nyingine, na jina langu likaandikwa daftarini. Nililisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, na wakasubiri mpaka nimalize.

Ambrose akanivuta kwa hiyo hiyo fimbo, akaninong'oneza, "Sasa umenisamehe, dada?"

"Shamba nimelipokea," nikamwambia. "Jina nimelipokea. Msamaha sikuja nao."

"Nilijua hutakuja nao," akasema. "Nimekuja hivyo hivyo."

Basi nikamfunika blanketi miguuni, maana mlango ulikuwa wazi na upepo unaingia.

Alale salama Ambrose, mwana wa Reuben na Tamar.