Kamba ya Phelesia

Mheshimiwa Bwana Afisa Elimu uliyetoka Homa Bay, Bwana Chifu, Mchungaji, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi watoto mnaocheka kabla sijasema lolote, hamjambo nyote? Mimi ni Cephas Onyango, mwenyekiti wa kamati ya Shule ya Nyarombo. Nitasema Kiswahili, maana Mwalimu Mkuu wetu Jeremiah Mniko, tunayemuaga leo, amekaa nasi tangu mwaka wa sitini na tano, miaka mitano mizima, na Kijaluo chake bado ni cha kuombea maji tu.

Wazazi, mmesahau tulivyompokea? Mkaguzi alikuwa ametuambia wazi kwamba matokeo yasipopanda mwaka ule, darasa la saba litaondolewa hapa, na watoto wetu watembee maili tisa kila asubuhi kulifuata kwingine. Mwalimu akaja kutoka kwao karibu na Isebania, na wiki ya kwanza tu akaandika ukutani kwa rangi nyeusi: MWAKA HUU WATAPITA KUMI NA WANANE. Nani hapa kwetu huhesabu watoto hadharani, tena kabla ya mtihani? Akina mama walishika vichwa, maana kwetu kumhesabu mtoto ni kumwitia mkosi. Mimi nilikuja na ndoo ya chokaa, nikapaka ukuta wote, na suruali yangu pia.

Mwingine angenuna, akaomba uhamisho. Yeye alinisaidia kuosha brashi, akaniuliza, "Mzee, kama hamhesabu watoto, mnahesabu nini?" Nikamjibu kwa kiburi kwamba sisi wavuvi tunahesabu mafundo ya nyavu. Jumatatu iliyofuata kila mtoto wa darasa la saba alikuwa na kamba yake, inaning'inia ukutani.

Kazi ya kamba hizo mnaijua. Kila Ijumaa, mtoto aliyezirudia hesabu zilizomshinda wiki ile mpaka akazipata, alifunga fundo moja, na lengo lilikuwa mafundo kumi kwa muhula. Hakuna aliyepimwa kwa kamba ya jirani. Hata mzazi asiyejua kusoma aliingia, akapitisha vidole, akajua mtoto wake amefika wapi.

Nami nikapitisha vidole. Muhula wa kwanza unaisha, na kamba ya binti yangu Phelesia ina mafundo matatu. Niliwaka, nikasema mwalimu anamwonea mtoto wangu. Akanijibu taratibu, "Mzee Onyango, Ijumaa Phelesia huwa wapi?"

Jamani. Ijumaa Phelesia alikuwa soko la Kendu Bay na kikapu cha samaki wakavu kichwani, na aliyemtuma ni mimi. Wavu wenye tundu kubwa namna ile nisingempa hata adui yangu, na tundu lile nililitoboa mwenyewe. Niliona aibu, nasema kweli. Tangu siku hiyo kikapu nabeba mimi, na wanaonicheka sokoni nawajua kwa majina, wengine wamekaa hapa mbele.

Matokeo yalipokuja, mkaguzi alisoma karatasi mara mbili. Darasa la saba lilibaki, na lipo mpaka leo. Phelesia amemaliza sekondari, na Januari anaingia chuo cha ualimu.

Mwalimu, unahamia upande wa Ogwedhi. Ukifika, tafadhali, uliza kwanza ni kitu gani hakihesabiwi, ndipo ununue rangi. Tutakukosa sana. Mimi nitakukosa kuliko ninavyoweza kusema mbele ya watu.

Kamba hii ni ya Phelesia, mafundo yake ishirini na matatu, nenda nayo. Na lile neno nililolifuta kwa chokaa, leo nalirudisha. Ninyi nyote mliofunga mafundo katika shule hii mkapita mtihani, simameni. Phelesia, mwanangu, wewe pia. Huyo ni mmoja, nimemhesabu mimi babake, na wazee wanisamehe.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa tulieni kidogo, Mwalimu aendelee kuhesabu: wawili.