Nani Atamfunga Mkanda Binti Huyu?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Bodi, Bwana Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu mlio kazini na mliostaafu, wazazi, wahitimu, na ninyi mliosimama nyuma ya mlango wa jiko, ambao mshereheshaji hakuwataja: nawasalimu nyote kwa heshima moja, kwa kuwa sikuja na mizani mbili.

Nimeombwa niwaase wahitimu kabla majina hayajaanza kuitwa. Walionipitia darasani wanajua kwamba sipendi makofi katikati ya sentensi. Basi myaweke, huenda baadhi yenu msiyahitaji kabisa.

Chuo chetu cha uuguzi kina desturi ambayo sijaiona kwingine. Mhitimu akiitwa, hapandi jukwaani peke yake. Hupanda na mzazi wake, na mzazi ndiye humfunga mkanda mweupe kiunoni, mbele ya watu wote, kabla cheti hakijatolewa. Nimeshuhudia wazee wakihangaika na kifungo hata mwana akalazimika kukishika mwenyewe. Nimemwona baba mmoja, mtu mzito, akiufunga mkanda ule juu chini, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Ni desturi nzuri. Inatukumbusha kwamba hakuna mtu aliyejizaa wala aliyejilea.

Leo asubuhi, nikiwa bado natafuta pa kuegemeza baiskeli yangu, Katibu wa Maandalizi alinijia mbio. Aliniamkia vizuri, maana ni mtu mwenye adabu, kisha akaniomba nisimame mahali pa mzazi wa mhitimu mmoja. Nikamwuliza kama binti huyo ni yatima. Akasema hapana. Je, mzazi wake ni mgonjwa? Hapana. Yuko safarini? Akavitazama viatu vyake.

"Mwalimu," akasema, "mama yake yupo. Ila yuko zamu."

Mama huyo ni msafishaji wa chuo hiki. Ninyi wahitimu mnamwita Mama Ndoo, naye huitika, kwa sababu moyo wake ni mpana kuliko utani wenu. Na hapa chuoni ipo kanuni ambayo haikuandikwa popote, lakini inafuatwa kuliko zote zilizoandikwa: siku ya sherehe, wafanyakazi wenye makoti ya bluu hupita mlango wa nyuma, wala hawaonekani ukumbini mpaka wageni waondoke. Aliomba ruhusa ya siku hii moja, akaambiwa kwamba ndiyo siku yenye vyombo vingi. Akaomba apande jukwaani mara moja tu, kisha arudi jikoni. Akaambiwa kwamba koti lake litaharibu picha, na kwamba akipanda, kesho asije kazini.

Nilimfuata jikoni. Nilitazamia machozi, nikakuta mzaha.

"Mwalimu, mfunge tu wewe," akaniambia, "ila usimbane sana. Huyo amechukua tumbo la baba yake."

Wenzake wakacheka. Mmoja akamtania kwamba sasa watachomwa sindano bila kupanga foleni. Naye akacheka. Kisha akaligeukia beseni, akaendelea kuifuta glasi ambayo ilikuwa imekwisha kukauka zamani.

Sasa nawauliza. Tumemfundisha binti huyu amwoshe mgonjwa bila kuuliza anakaa mtaa gani, na tumemtungia mtihani juu ya jambo hilo, akafaulu. Je, sisi tulioutunga tungefaulu? Ni nani kati yenu, akina mama mlioketi safu ya mbele, aliyeulizwa mlangoni anafanya kazi gani kabla ya kuruhusiwa kuwa mama? Mnasema koti litaharibu picha. Picha ya nani? Sakafu inayong'aa mnaitaka ndani ya picha. Aliyeing'arisha mnamtaka nje.

Nimesikia pia kwamba binti amesomeshwa kwa hisani ya chuo, kwa hiyo mama anapaswa kushukuru na kunyamaza. Hisani inayomdai mtu umama wake si hisani. Ni ununuzi, nami sikuja hapa kuwa risiti.

Kwa hiyo, Bwana Mkuu wa Chuo, nasema mbele ya watu ili nisije nikanukuliwa vibaya: sitamfunga mkanda binti huyu. Mama yake asipopanda, atasimama hapa bila mkanda, nanyi mtampa cheti mkimtazama hivyo hivyo. Nilimwuliza binti mwenyewe kama yuko tayari. Akanijibu, "Babu, ni afadhali nisifungwe kuliko kufungwa na mzazi wa kukodi." Huyo wa kukodi ni mimi, na sikuona kosa la kusahihisha. Na kama mama huyu atafukuzwa kesho, mtanikuta nimeketi naye getini, kesho na kesho kutwa. Muda ninao, nimestaafu.

Mama, najua unanisikia, maana huko jikoni vyombo vimenyamaza. Usivue koti. Usizunguke nyuma. Majina yataanza kuitwa nikishuka jukwaani, nami sishuki mpaka nikuone umefika hapa.

Ndugu zangu, mmenisikiliza kwa subira, nami nawashukuru. Sasa nawaomba mlioketi kando ya njia ya katikati mvute viti vyenu, mama apite.