Mtu wa Kilo Zangu

Mama mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi. Akina mama wa kikundi, na nyinyi wazee wawili watatu mliofuata harufu ya chai, nawasalimu nyote. Mtoto nimemwachia mtu pale nyuma. Akilia mtamvumilia, maana hii hadithi inamhusu na yeye. Nimeambiwa nisitaje watu majina na sitataja, ila mkianza kugeuza shingo kutafuta ni nani, hayo ni yenu.

Wengi mnanijua kama mke wa fundi wa pancha. Hamjui kwamba kabla ya kuolewa hapa Kiboko nilikuwa napigana. Si kupigana kwa foleni ya maji, mama, wacha kucheka. Kupigana ulingoni, na refa, na watu wamelipa kiingilio. Ni ngumi, mateke na mieleka, yote ndani ya mchezo mmoja. Vijana wanauita MMA.

Nilizaliwa Nunguni, kule kwa baridi na kabichi. Nilikuwa mdogo wa mwili hata shuleni wakaniita Nusu Gunia. Nilipomaliza shule nikateremka Emali kumsaidia shangazi yangu kuuza ndengu sokoni. Nyuma ya stoo yake kulikuwa na nyumba ya zamani ya kusagia mahindi, mashine ilishang'olewa, na ndani kocha mmoja alikuwa ametandika magodoro yaliyoshonewa turubai. Siku ya kwanza niliingia kudai gunia letu waliloazima. Walikuwa wamelijaza mchanga, wamelitundika, wanalipiga mateke. Nikabaki kutazama. Kesho yake nikarudi, na safari hii sikuuliza habari ya gunia.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, sijawahi kupenda kitu namna ile. Mtu amekulalia, pumzi inakwisha, unaona leo ndio mwisho wako. Halafu unasogeza nyonga kidogo, kidogo tu, unapata nafasi, na kufumba na kufumbua wewe ndiye uko juu. Mimi, Nusu Gunia, niko juu! Mpaka leo lori likipita hapo barabarani turubai lake likapigwa na upepo, mwili wangu unageuka kabla mimi sijageuka. Mume wangu ashazoea. Ananipa muda tu.

Shida yangu ilikuwa kilo. Shangazi alikuwa na mizani ya kupimia magunia, ile ya chuma ya kupanda juu, na kila asubuhi kabla wateja hawajafika nilikuwa napanda. Arobaini na nane. Mashindano ya wanawake nayo yalianzia hamsini na mbili mpaka sitini, wote kapu moja, na chini ya hapo hakukuwa na kitu. Kocha aliwauliza wenye mashindano, wakamwambia wasichana wa kilo arobaini na nane hawapatikani. Hawapatikani, na mimi nimesimama hapo mbele yao!

Basi nikaanza kula. Muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, asubuhi na jioni, parachichi, ndizi, siagi kwa kijiko. Shangazi akasema nikiendelea hivyo atauza mizani anunue sufuria. Mwili ukakataa kabisa. Siku ya kupimwa nilikunywa maji mpaka nikitembea tumbo linasikika. Nikapanda mizani yao nikiwa nimebana miguu. Hamsini na mbili na kidogo. Wakaandika. Nikashuka nikakimbilia choo, na zile kilo zote nikaziacha huko.

Mnacheka. Hata mimi nacheka sasa. Lakini nyinyi mnabeba maji, mnajua mtungi wa lita kumi una uzito gani. Mwanamke niliyekuwa napigana naye alikuwa na mtungi huo ndani ya mwili wake, na kila akinilalia alikuwa ananiwekea mimi kifuani. Nikapigana mara mbili, nikashindwa mara mbili. Nikitoka hapo ninaomba jambo moja: Mungu, nipe mtu wa kilo zangu. Mmoja tu. Sikuwa nataka ubingwa. Nilitaka kujua kama ni mimi sijui kupigana, ama ni huo mtungi.

Mara ya tatu nikapewa mwanamke kutoka upande wa Kitui. Kwa mizani alikuwa hamsini na nane.

Sasa, katika mchezo huu, ukizidiwa unagonga. Unapiga sakafu kwa kiganja, ama unampiga mwenzako begani, maana yake nimeshindwa, niachilie. Siku hizo, kama hujagonga, refa hawezi kusimamisha. Yule mwanamke akanikamata mkono huu wa kulia, akaubana katikati ya miguu yake, akaunyoosha. Akaanza kuvuta polepole. Nikamsikia akiniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayebembeleza mwanawe, "Gonga, mwana wakwa. Gonga."

Sikugonga. Zile mara mbili za kwanza nilikuwa nimegonga, nikaona nikigonga tena kocha hatanipeleka popote, na yule mtu wa kilo zangu sitampata maishani. Mkono wa kushoto ulikuwa huru. Niliukunja ngumi, nikaukandamiza kifuani, usije ukagonga wenyewe. Halafu kiwiko kikalia. Watu waliokaa viti vya mbele walikisikia.

Yule wa Kitui alikuja hospitalini kuniona, na machungwa kwa mfuko. Nikageukia ukuta mpaka akaondoka. Machungwa yakaliwa na mgonjwa wa kitanda cha pili, na nikamchukia hata huyo kwa kuyasifu. Alikuwa akinipigia simu, naangalia inaita mpaka inanyamaza. Mwisho akaacha.

Watu husema kujikwaa si kuanguka. Mimi nilianguka. Nilirudi Nunguni kwa mwaitu, mama yangu, akawa ananivalisha, ananichana, ananikatia hata ugali. Mkono ulipona mapema kuliko roho. Nilikuwa nikikaa pale kwa mlango naangalia ukungu ukishuka mashambani na nasikia viganja vikipiga turubai, na Emali iko mbali kabisa huko chini. Mwaitu akiniuliza nawaza nini, nasema sina kitu. Nilikuwa nawaza arobaini na nane.

Baadaye nikapata mume, mnamjua, mtu mpole mwenye mikono ya grisi. Nikaja hapa. Nikapata mtoto. Nikawa karibu nimesahau.

Kisha kocha akanipigia. Akasema, "Wamebadilisha sheria. Wanawake wamegawanywa. Sitini, hamsini na sita, hamsini na mbili, na sasa kuna uzani wa arobaini na nane. Na refa amepewa ruhusa ya kusimamisha mkono ukinyooshwa, hata kama mtu hajagonga. Hiyo ya mwisho imetoka kwa kiwiko chako."

Nilifunga mtoto mgongoni nikaenda Emali siku hiyo hiyo. Nikamwachia shangazi mtoto, nikapanda ile mizani ya ndengu. Hamsini na nane. Shangazi akadhani imeharibika, akapanda yeye, akashuka haraka akasema iko sawa. Nikaenda nyuma ya magunia nikalia. Mlango nilioubisha miaka yote ulikuwa umefunguliwa, na mimi sitoshei tena kupita.

Mtu mwenye akili angekubali. Mimi nilisema nitapungua. Kilo kumi, mama anayenyonyesha! Nilikuwa navaa karatasi la nailoni, lile la kufunikia miche, juu yake sweta mbili, nakimbia hapa Kiboko jua likiwa utosini, kwenye ile njia ya vumbi kando ya ua wa kituo cha utafiti. Mnajua jua la hapa. Hata mbuzi wako kivulini na mimi niko barabarani na sweta. Nyumbani nakunywa sturungi, chai isiyo na maziwa, peke yake, mume akiuliza nasema nimekula kwa jirani.

Kilo zilianza kushuka, na maziwa yakashuka nazo. Mtoto ananyonya, anaachilia, ananitazama, analia. Anajaribu tena. Nasema moyoni, ni wiki chache tu, mwanangu, vumilia, mama anaenda kuchukua kitu chake. Hapo ndipo nilipofika. Sioni haya ya kuanguka kwenye barabara. Haya yangu ni hayo maneno.

Siku niliyoanguka, nyinyi mlikuwa mnatoka mazoezi ya kwaya. Nilikuwa uso chini kwenye vumbi, nawasikia mkikimbia lakini siwezi kusema. Kisha mkono wangu wa kushoto, ule niliokunja ngumi ulingoni, ukafunguka. Ukapiga ardhi. Pa, pa, pa. Mmoja wenu aliniambia baadaye alidhani ni kifafa. Mwingine, simtaji, akaanza kukemea mapepo, na alikemea kwa bidii kweli. Haikuwa pepo, mama. Ilikuwa ni mimi nagonga. Nilikuwa nimechelewa sana, lakini nilikuwa nagonga.

Mkanivua zile sweta. Mkanipeleka kwa kivuli, mkaninywesha maji kidogo kidogo. Kuna mama hapa aliyekuja kwangu kila siku na uji wa wimbi, akakaa kwa kitanda mpaka nimalize kikombe, hata nikinuna. Hakunihubiria. Siku moja tu aliuliza, "Sasa wewe, ulikuwa unapigana na nani?"

Nilifikiri juu ya hilo swali mpaka maziwa yakarudi. Nilikuwa napigana na msichana wa Nunguni, nikitaka nimrudishe. Na yeye hayuko. Namtamani sana, lakini hayuko.

Nikampigia kocha nikamwambia siwezi arobaini na nane, nina hamsini na nane. Akasema, "Hizo si ndizo kilo za yule wa Kitui?"

Ndugu zangu, nilikaa chini. Miaka yote naomba mtu wa kilo zangu, na Mungu akanipa kwa njia hiyo yake. Nikatafuta ile namba. Ikaita mara moja tu. Sikuwa nimesema hata hujambo, akauliza, "Mkono ulipona?"

Tulipigana pale Emali mtoto alipokwisha kuacha kunyonya. Asubuhi tukapimwa pamoja, yeye hamsini na nane, mimi hamsini na nane, kila mmoja ameshiba chai na mkate. Mbele yetu walikuwa wasichana wawili wa arobaini na nane. Nilimtazama mmoja akishuka kwa mizani. Yale mabega, ile shingo, vile alivyoruka chini bila kutoa sauti. Nilimwonea wivu, sitawaficha. Nilitamani kumwomba aniazime huo mwili kwa raundi moja tu. Sijui kama ningewashinda wa kilo zile. Hilo sitalijua, na linaniuma mpaka leo.

Lakini lile lingine nililijua. Raundi ya kwanza yule wa Kitui alinilalia, nikasogeza nyonga, na safari hii hakukuwa na mtungi. Niligeuka. Nikawa juu. Nikakaa juu, yeye anahangaika chini, na shangazi yangu anapiga kelele mpaka soko lote likamsikia. Kumbe nilikuwa najua kupigana. Nilikuwa najua tangu zamani.

Raundi ya mwisho akanikamata mkono. Ule ule. Akaunyoosha, na refa akasogea. Refa hakuwa na haja. Nikafungua kiganja changu cha kushoto nikagonga, na kabla sijagonga mara ya pili alikuwa ashaniachilia. Tukabaki tumelala hapo kwa turubai, tunahema, tunacheka kama watu waliorukwa na akili. Nilishindwa, ndiyo. Nilishindwa na mtu wa kilo zangu.

Nawashukuru, akina mama. Uji wenu siwezi kulipa. Namshukuru mwaitu aliyenichana nywele, shangazi na mizani yake, na mume wangu anayejua kungoja. Na kama kuna mama hapa aliyekunja ngumi kifuani asije akaomba msaada, mimi namwambia fungua hiyo ngumi, ugonge mapema kuliko mimi. Na sisi tukisikia mwenzetu amegonga, tumwachilie hapo hapo, tusingoje kiwiko kilie.

Bado naitamani ile arobaini na nane. Kuna asubuhi naamka nikiwa mwepesi kabisa, kabla sijakumbuka. Nimeacha kuifukuza.

Hadithi yangu imeishia hapo. Wale mnaoendelea kugeuza shingo, ni yeye, huyo aliyembeba mtoto wangu pale nyuma. Ametoka Kitui leo alfajiri. Usisimame, dada, kaa tu. Utamwamsha.