Kwetu Watu Hawafi, Husafiri

Mgeni rasmi, Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa kituo chetu cha televisheni, wakuu wa idara mlioshuka naye kutoka ghorofa ya juu, waigizaji wetu, na sisi wenyewe tusioonekana kwenye picha:

MAKARIBISHO

Karibu sana studio. Tunajua hii ni mara yako ya kwanza kufika huku chini, kwa hiyo tunaomba radhi kwa kukukalisha kwenye kochi la Baba. Ndilo kochi zuri kuliko yote tuliyo nayo, ila tafadhali usiegemee upande wa kushoto. Upande huo haujawahi kuonekana kwenye kamera, na hakuna aliyeona sababu ya kuutengeneza. Kuta hizi ni mbao nyembamba. Dirisha lile linatazama ukuta mwingine. Ngazi ile inayopanda vyumbani inaishia juu ya sanduku la nyaya, na familia nzima ya Nyumba ya Kona imekuwa ikienda kulala juu ya sanduku hilo tangu enzi za televisheni zenye kichogo.

Mimi ninayesoma ni mtunza mavazi. Wenzangu, yaani mafundi sauti, mafundi taa, wapiga picha, mpambaji, seremala na mwandishi, wamenichagua kwa kuwa nasikika hata bila kipaza sauti. Wameniomba pia nisome haraka kidogo. Sababu yake utaisikia mbele.

HISTORIA YA TAMTHILIA YETU

Mgeni rasmi, watazamaji wanaamini kwamba Nyumba ya Kona inaandikwa na mwandishi. Mwandishi mwenyewe, yule pale nyuma anayejifuta miwani, ametukubalia tuseme ukweli: yeye huandika kile kinachobaki baada ya sisi wote kumvurugia alichopanga.

Mnakumbuka familia ilipofilisika? Nchi nzima ilisikitika. Gazeti moja likatuandikia makala ndefu ya kutusifu kwamba tumeyatazama maisha magumu ya mwananchi bila kupepesa macho. Sisi tulikuwa na bomba lililopasuka juu ya dari. Makochi yote yalilowa, fedha ya kununua mengine haikuwepo, basi mwandishi akaleta madalali wakayachukua. Familia ikakaa chini mpaka bajeti ilipopita.

Na Shemeji, yule mjane mpole, kuna wakati alikuwa haachi beseni. Anafungua mlango na beseni, anapokea wageni na beseni, hadi posa yake aliisikiliza akiwa amekumbatia beseni. Watazamaji wakapiga simu kuuliza beseni lina siri gani. Siri yake leo iko darasa la sita, na inafanana na mama yake kama nini.

Kaka Mkubwa naye alitaka likizo ya kuoa. Tukampeleka ng'ambo kusoma. Ndoa ikamnogea, hakurudi, na masomo yakaendelea mpaka ikawa aibu, maana kwa muda ule angekuwa ameshakuwa daktari wa kila kitu. Mwishowe tukatafuta mwigizaji mwingine, mfupi zaidi na mweusi zaidi. Mama akampokea mlangoni pale, akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Baridi ya huko imekubadilisha, mwanangu." Basi. Hakuna aliyeuliza tena.

Lakini juu ya hayo yote kuna sheria moja, nayo ndiyo tunataka uisikie vizuri. Ilitungwa na mwongozaji wetu wa kwanza, tuliyemwita Sharubu. Mwanzoni kabisa tulimuua Mjomba. Kilikuwa kifo kizuri, mtoni, tukajipongeza. Kesho yake mwigizaji wa Mjomba akaenda kunyolewa, kinyozi akamwona kwenye kioo akatoka mbio na mashine mkononi. Muuza duka akakataa kupokea hela yake. Hayo tuliyacheka. Hatukucheka tuliposikia kwamba watu wamefika nyumbani kwa mama yake mzazi kumpa pole. Yule mama alijua fika kwamba mwanawe ni mzima, alikuwa ameongea naye asubuhi ile ile. Lakini watu walivyoingia wanalia, naye akalia, akashindwa kunyamaza, akaugua mpaka mwanawe alipokwenda kukaa naye na kumshikisha mikono yake.

Sharubu akatukusanya hapa hapa, akasema, "Kwetu mtu hafi. Akiondoka, amesafiri." Mjomba ikabidi afufuke. Alikuwa amepoteza kumbukumbu tu, na tuliyemzika alikuwa mtu anayefanana naye. Polisi wa Nyumba ya Kona hadi leo hawajajisumbua kumtafuta marehemu yule alikuwa mtoto wa nani. Tangu hapo kila anayetuacha hupewa begi lile la bluu lililo nyuma ya mlango, huaga, hutoka. Hata Sharubu mwenyewe alipofariki, mwandishi aliandika kwamba amesafiri.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu makubwa ni Bibi.

Alipoanza kuicheza nafasi hii hakuwa bibi wa mtu. Mpambaji alimpaka poda nyeupe nyweleni na kumchora mikunjo kwa penseli. Miaka imekwenda, na siku hizi mpambaji anafanya kazi kinyume, anaificha mikunjo ya kweli ili Bibi asionekane mzee kuliko Bibi. Sisi wote humu, pamoja na walinzi wa getini, tunamwita Bibi tu. Wapo ambao hawajui jina lake lingine.

Wewe mwenyewe, mgeni rasmi, katika hotuba yako ya kwanza uliusifu ule ukimya wake kabla ya kujibu, ukasema umejaa busara. Tulishukuru sana. Ukimya ule ni fundi sauti anamalizia kutafuna karanga. Bibi ana kidude kidogo sikioni, chini ya kilemba, na fundi sauti humnong'oneza maneno yake sentensi kwa sentensi. Mengine yamebandikwa nyuma ya birika, na mengine yako upande wa pili wa gazeti la Baba. Ndiyo maana Baba husoma gazeti kila wanapoongea, hata usiku taa zikiwa zimezimwa.

Tunajua haya mliyasikia huko juu kwa namna nyingine, kwamba Bibi anachelewesha kazi. Hatubishi. Kumbukumbu yake imechoka. Huko mtaani kwake anapotea, na majirani wamewahi kumrudisha. Anaishi peke yake, na bintiye aliolewa mbali. Binti huyo humtazama mama yake kwenye kipindi, na kikiisha humpigia mpambaji: "Dada, mbona leo mama amekaa upande?" Mpambaji humwambia ukweli, na kama dawa zinahitajika, zinatafutwa.

Lakini akiingia katika nyumba hii ya mbao, Bibi hapotei. Anajua kijiko kiko wapi, anajua mlango gani unakwama. Makopo ya jikoni kwetu ni matupu, ni ya kuonekana tu. Hivi karibuni ameanza kuleta sukari ya kweli kutoka kwake na kuyajaza, anasema ni aibu mgeni akija akakuta nyumba haina sukari. Hatumkatazi. Chai uliyokunywa ulipofika ilitiwa sukari hiyo. Tunampenda, mgeni rasmi, na hatuoni haya kuliandika neno hilo kwenye risala.

CHANGAMOTO

Utaratibu unatutaka tutaje changamoto nyingi. Dari bado linavuja na choo kina tabia zake, lakini leo tunayapita.

Wiki iliyopita seremala wetu alipokea agizo la jeneza. Dogo, la mtu mfupi, lenye kioo juu ya uso ili kamera ione. Seremala ndiye aliyetengeneza kile kiti cha Bibi, kwa hiyo hakuhitaji kuuliza ni la nani. Hivyo ndivyo tulivyopata habari za kikao chenu, kwamba watazamaji wanapungua, kwamba msiba huwarudisha watu mbele ya televisheni, na kwamba msimu mpya utafunguliwa na mazishi ya Bibi. Tunatoa wito wa heshima: siku nyingine tuambiwe kwa mdomo. Jeneza ni njia kali ya kutoa taarifa.

Sasa, siku hiyo hiyo Bibi akaingia karakana. Mguu wa kiti chake ulikuwa umelegea. Akalikuta jeneza juu ya meza, akalizunguka, akauliza, "Fundi, hili la nani?"

Seremala ni mtu mzima mwenye wajukuu, lakini alibabaika kama mtoto aliyekutwa kabatini. Akasema jina la kwanza lililomjia. "La Baba, Bibi. Baba wa kwenye mchezo."

Mwigizaji wetu wa Baba mnamwona, ni yule pale aliyeinamisha kichwa. Hata akiinama ni mrefu kuliko sisi tuliosimama. Bibi akalitazama tena jeneza, akasema, "Sasa huyu mtamkunja magoti?"

"Tutalirefusha, Bibi."

"Mlirefushe mapema. Msije mkamwaibisha mwanangu mbele za watu."

Tangu siku hiyo amekuwa akimfariji Baba. Humletea chakula kutoka nyumbani. Humshika mkono kabla ya kurekodi na kumwambia, "Usiogope mwanangu. Siku hiyo nitakulilia mpaka mwenyewe utaona raha." Na kweli anafanya mazoezi. Juzi alilia kwenye chumba cha vipodozi hata fundi taa akashuka kwenye ngazi na kwenda kukaa nje. Katika kilio kile hakuhitaji kidude cha sikioni.

Mwigizaji wa Baba ametuomba tuseme kwamba hawezi tena kumtazama machoni. Hakuna kati yetu aliyeweza kumweleza Bibi kwamba jeneza ni lake. Seremala alijaribu mara moja, akaishia kumtengenezea kiti miguu yote minne.

MAOMBI

Tulikuwa na ombi dogo la mlango wa friji, maana huu uliopo hauna friji nyuma yake. Tunaliahirisha.

Ombi letu ni Bibi asiuawe.

Wala hatuombi apewe begi la bluu. Wengine tuliwasafirisha kwa sababu walikuwa na pa kwenda. Bibi akitoka mlango ule na begi, atafika nyumbani kwake, atakaa kitandani, na asubuhi hatakuwa na sababu ya kufunga kilemba. Tunaomba aachiwe kiti chake. Kama maneno yanamchelewesha, mwandishi yuko tayari kumwandikia asiseme, awe anasikiliza tu, na sisi tunaapa kwamba akisikiliza kamera haiwezi kumwacha. Wapiga picha wamejaribu, wanajikuta wamerudi kwake.

Kuhusu watazamaji wanaopungua, hatukuja mikono mitupu. Kaka Mkubwa anaweza kurudi na sura ya tatu. Yule marehemu aliyezikwa badala ya Mjomba anaweza kutafutwa na ndugu zake, tena waje wengi na kwa hasira. Au mturuhusu tuangushe dari, ambalo liko mbioni kuanguka bila ruhusa. Jeneza lisiwape mawazo ya hasara. Seremala anasema ukiliweka wima na kulitia rafu ni kabati zuri la vyombo, na kile kioo kitapendeza.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, umeona kwamba Bibi hayumo humu ndani, na nimesoma kama mtu anayefukuzwa. Mpambaji amemzuia kwenye chumba cha vipodozi. Anamfunga kilemba, anakifungua, anasema hakijakaa sawa, anaanza upya. Uvumilivu wa Bibi hauwezi kuwa mrefu kuliko risala hii, kwa maana amejua kwamba mkubwa mwenyewe amekuja, na ana neno la kumwambia.

Neno hilo alituambia jana. Hakutaka msaada wa mtu. Alimrudishia fundi sauti kile kidude, akasema, "Haya nayajua mwenyewe." Ataingia, atakushika mkono kwa mikono yake miwili, na atakuombea mwigizaji wa Baba. Atasema bado ni kijana, ana watoto wadogo, usimkatie kazi yake. Kisha atakuambia, "Kama ni lazima afe mtu, mwanangu, niue mimi. Mimi nimeshacheza vya kutosha."

Akilisema hilo, kila kitu mlichokitaka kwenye kikao kitakuwa mkononi mwako, kimetoka kinywani mwake, mbele ya mashahidi, na hakuna kati yetu atakayeweza kukulaumu. Tunakuomba umkatalie.

Mungu akupe afya njema, ailinde familia yako, akurudishe salama ghorofani, na auongoze ulimi wako dakika hii, maana mlango unafunguliwa.

Ni sisi tunaokuheshimu,
Wafanyakazi wa Nyuma ya Kamera,
Tamthilia ya Nyumba ya Kona.