Spika Nzima za Kwaya

Ndani ya Landrova ya kurudi Liuli, Mwalimu Beata wa kwaya alikaa kando yangu, amepakata spika mbili kama mapacha. "Fundi alikuja kutuwekea Linux mpya, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, kompyuta ikapoteza sauti! Nyimbo za Pasaka zimo humo. Nimempelekea spika huko Mbinga, ananiambia ni nzima! Nzima gani isiyotoa sauti?"

"Shikamoo, mama," alisema Ilyasi, muuza redio. "Spika hazina kosa. Hiyo Linux mpya ndiyo imezima sauti. Kompyuta iko wapi?"

"Nyumbani! Injini ya boti ikigoma, si tunafungua kilichoharibika tunapeleka hicho tu? Kilichonyamaza ni spika!"

Nilitazama nje; hata mimi ningebeba spika.

"Ungeleta kompyuta, mama."

"Jumapili utaimba wewe?"

Gari likasimama. Alishuka na spika zake, nzima kabisa.