Kikombe cha Ignat kwenye Bomba la Cimbreni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Mheshimiwa Meya wetu, Bibi Paraschiva. Baba Padri Serafim, uliyelibariki bomba hili na kunilowesha mimi kuliko bomba lenyewe. Bi Domnica wa maabara ya maji. Ndugu wageni waalikwa. Wanakijiji wenzangu wa Cimbreni. Na ninyi wa kule nyuma mlioletwa na harufu ya supu ya kuku: nawasalimu wote, na nawaomba radhi mapema.

Nasimama hapa kama mwenyekiti wa kamati ya maji. Wageni wetu msije mkadhani nilichaguliwa kwa akili. Siku ya uchaguzi nilitoka nje kuvuta sigara, na niliporudi nikakuta mikono yote iko juu. Maisha yangu yote nimepuliza tarumbeta katika bendi ya kijiji, harusini na misibani, hivyo mliona ninayo pumzi ya kugombana na wakandarasi. Pumzi kweli ninayo. Kuhusu maji, nilichojua ni kwamba yanatakiwa yatoke.

Asubuhi Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ameniuliza kwa nini bomba letu, badala ya kunyooka kutoka kwenye tangi hadi kanisani, linayumba njia nzima kama mtu anayetoka harusini. Mheshimiwa, hapa kwetu mtu huchimba kisima kwa ajili ya marehemu wake. Kila anayekunywa husema, "Mungu amrehemu," na marehemu huko aliko hupata kinywaji chake. Sasa nani angekubali bomba lipite mbali na kisima cha baba yake? Kila mjumbe alilivutia kwake, na mimi, mwenyekiti mwenye msimamo thabiti, nilikubaliana na kila mmoja wao. Mkandarasi alipoona mchoro wetu, aliomba kiti.

Kisha akaja Bi Domnica na vikaratasi vyake, akawa anavichovya kisima hadi kisima. Kikaratasi kikibaki cheupe, maji ni salama. Kikigeuka chekundu, samadi ya miaka mingi imekwisha kupenya chini, na mtoto mchanga akinyweshwa maji hayo midomo yake inakuwa ya buluu. Cha jirani yangu Gherasim kilikuwa cha waridi, nikamcheka mbele za watu. Changu kilikuwa chekundu kama divai, na divai yangu mwenyewe haijawahi kufikia wekundu ule.

Nikamwambia, "Binti, karatasi yako ina kasoro. Halafu sisi tunachemsha."

Akanijibu kwa upole, "Ukichemsha, mzee, kinachopungua ni maji. Sumu iko palepale."

Ndugu zangu, baada ya hapo mliungiwa bomba nyumba baada ya nyumba. Je, mnajua ni nyumba ipi haina bomba mpaka leo? Msigeuke kumtafuta mwenyewe, amesimama hapa mbele, amevaa tai. Ukiungiwa bomba, kisima kibaya kinatiwa kufuli. Kwa hiyo kila fundi alipofika kwangu, ama mgongo uliniuma, ama nilikuwa na mbwa mkali. Mbwa wangu mnamjua. Anaogopa bata.

Kisima kile babu yangu alikichimba kwa ajili ya mdogo wake, Ignat, aliyefia vitani, ugenini, akiomba maji, na hakuna aliyempa. Mwenzake aliyerudi ndiye aliyesimulia. Babu akachimba, akaning'iniza kikombe cha bati kwa mnyororo, na tangu hapo anayepita anakunywa na kumwombea Ignat. Nami nikawa najiuliza: nikikifunga, nani atamnywesha? Hilo ndilo lililonishinda. Mgongo wangu ni mzima.

Wakati huo binti yangu Olimpia, anayeishi Italia, alikuwa amejifungua. Akapiga simu: "Baba, namleta mjukuu wako. Maji yameingia?"

"Yameingia kijijini, mwanangu."

"Sijauliza kijijini, baba. Nimeuliza kwetu."

Nikaanza kukohoa.

Amefika juzi, na anaketi pale safu ya mbele na mtoto wake Matei. Na wanalala wapi? Kwa Gherasim. Mjukuu wa mwenyekiti wa maji anachanganyiwa maziwa kwa Gherasim, ambaye kila asubuhi anakuja kwenye uzio kuniambia, "Mjukuu wetu kaamka vizuri." Jana nilikwenda nimpakate. Mke wa Gherasim akanizuia mlangoni: "Shemeji, hiyo mikono umenawia maji gani?" Nikairudisha mikono yangu mfukoni. Niliona aibu, na niliumia, na wala hakuwa amekosea.

Basi leo, kabla ya kufunga tai, nimekwenda kisimani na koleo la kukatia mnyororo. Wanaodhani mfuko wangu umetuna kwa sababu ya chupa, kwa mara ya kwanza mmekosea. Ni kikombe cha Ignat, na mnyororo wake. Naomba kifungwe hapa, kwenye bomba la wote, kando ya barabara, ambako wapita njia ni wengi kuliko waliowahi kuingia uani kwangu. Ignat aliomba maji. Hakusema lazima yawe ya kwetu.

Fundi, njoo kesho uniungie bomba, na kufuli lako uje nalo. Mbwa nitamfunga, asije akakukimbia.

Bi Domnica, usinitazame hivyo, tutakisuuza. Gherasim, nakusikia, unasema nifupishe, supu inapoa. Basi njoo uwe wa kwanza. Shika kikombe. Fungulia. Kunywa chote, jirani, usionje kama daktari.

Ninyi wa nyuma, mmemsikia Gherasim? Amesema, "Mungu amrehemu Ignat." Amesema kwa sauti ya mafua, na macho anayafuta kwa kofia, lakini amesema.

Asante, Gherasim. Asante kwa kumlaza mjukuu wangu. Ndiyo, nimesema wangu. Olimpia, mwanangu, kesho jioni mtarudi nyumbani.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza. Sasa pangeni foleni, kikombe ni kimoja.